Vita vya Freti: Magitaa Yaliyovunja Rekodi za Noti

Gitaa la kawaida lina noti 12 katika kila oktava, kutoka do hadi do ya juu. Wangekuwa abiria, wote 12 wangeingia kwenye matatu ya viti 14 na viti viwili vingebaki wazi. Lakini duniani kuna mafundi ambao hawajawahi kuridhika na matatu. Wanataka noti 19, 31, 53, hata 96, na kila noti inadai freti yake, yaani kile chuma chembamba kinachokatiza shingo ya gitaa. Hapa ndipo mashindano yanapoanza: noti zinataka kuongezeka, shingo ya mbao haiongezeki, na kidole cha mtu mzima kina upana wa milimita 15 hadi 20.

Tutapima kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni cha sikio. Wanamuziki huigawa oktava katika senti 1200. Zitandaze senti hizo kwenye uwanja wa mpira wa mita 105: do ya chini iwe kwenye mstari wa goli hili, do ya juu kwenye mstari wa goli lile. Kila senti inachukua sentimita 8.75. Nusu toni ya gitaa la kawaida inakuwa mita 8.75, ndefu kuliko upana wa goli lenyewe, ambao ni mita 7.32.

Kipimo cha pili ni cha mkono: uzi wa milimita 648, urefu unaotetema kwenye Fender Stratocaster. Hapo freti ya kwanza ya gitaa la kawaida inakaa milimita 36.4 kutoka mwanzo wa uzi.

Na deni linalogombaniwa ni hili. Noti 12 za kawaida haziangukii pale maumbile yalipoziweka. So inakosea kwa sentimita 17, pungufu ya kipenyo cha mpira. Mi inakosea kwa mita 1.2. Noti ya saba ya asili, ile inayolia yenyewe ndani ya uzi unaotetema, imekosewa kwa mita 2.73: shuti linalopaa juu ya mwamba wa goli wa mita 2.44! Mabingwa wafuatao walijitokeza kulilipa deni hilo.

1. Mpangilio mkongwe kuliko wote hapa: tanbur ya Baghdad

Kabla ya gitaa kulikuwa na tanbur, ala ya shingo ndefu yenye freti za utumbo zilizofungwa kwa mkono. Mwanafalsafa al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika jinsi tanbur ya Baghdad ilivyopangwa: gawanya uzi katika sehemu 40 zilizo sawa, kisha weka freti kwenye sehemu tano za mwanzo. Alipokufa, ilibaki zaidi ya miaka 150 kabla ya maandishi ya mwaka 1107 kuchongwa kwenye ukuta wa msikiti wa Kizimkazi, Unguja.

Kwenye uzi wetu wa milimita 648, kila sehemu ingekuwa milimita 16.2. Lakini sikio halisomi rula. Sehemu zilizo sawa kwenye mbao hazilingani uwanjani: hatua ya kwanza ni mita 3.84, ya tano ni mita 4.27. Freti zote tano zinafikia mita 20.2, zaidi kidogo ya eneo la penalti, ambalo lina mita 16.5. Freti tano ndani ya eneo ambalo gitaa la leo linaweka mbili tu. Huyo ndiye mzee wa ukoo, na tayari alikuwa analiacha gitaa la kisasa nyuma.

2. Kanuni iliyotawala muda mrefu: 18 ya Vincenzo Galilei

Mwaka 1581, miaka 12 kabla ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa, mpiga luti wa Italia Vincenzo Galilei alichapisha kanuni ambayo fundi yeyote angeweza kuikariri. Pima uzi, gawa kwa 18, weka freti. Pima uzi uliobaki, gawa tena kwa 18, weka freti. Endelea. Mwanawe alikuwa Galileo, yule wa darubini, lakini kwenye warsha za mafundi magitaa baba ndiye aliyetawala kwa karne kadhaa.

Kanuni yake inakosea kiasi gani? Kwenye uzi wa milimita 648 freti ya kwanza inaangukia milimita 36 kamili, karibu sawa na hesabu ya kisasa. Lakini makosa madogo hujumlishana. Freti ya 12, ambayo ilipaswa kukaa katikati kabisa ya uzi, inapungukiwa na milimita 2.4, na uwanjani Galilei anasimama mita 1.1 kabla ya mstari wa goli. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1584, mwanamfalme wa Uchina Zhu Zaiyu alikamilisha hesabu sahihi ya noti 12 zilizo sawa. Kigawanyo cha leo ni 17.817. Kati ya namba hiyo na 18 kuna chini ya moja ya tano, na ndiyo inayoamua kama gitaa linalia sawasawa au la.

3. Shingo yenye matundu: gitaa la Thompson, 1829

Thomas Perronet Thompson alikuwa mwanajeshi wa Uingereza aliyetumwa kuwa gavana wa Sierra Leone mwaka 1808. Mwaka 1829 alichapisha kitabu cha maelekezo kwa binti yake, akimfundisha kupiga gitaa alilolibuni mwenyewe na kutengenezewa na Louis Panormo wa London. Sultani Seyyid Said wa Omani alikuwa bado hajahamishia makao yake Zanzibar.

Badala ya freti zinazokatiza shingo nzima, ubao wa Thompson ulijaa matundu, na freti ndogo zikachomekwa chini ya kila uzi pale zinapohitajika. Uzi wa kwanza ungeweza kuwa na mpangilio wake na uzi wa sita mpangilio mwingine kabisa. Lengo lake lilikuwa mi iliyo safi katika kila ufunguo, yaani kulipa ile mita 1.2. Kwa ujasiri wa fikra, mbio hizi zina washindani wachache wa kumfikia: wazo lake la freti zinazochomolewa tutalikuta tena mbele, likitwaa zawadi ya kwanza karibu karne mbili baadaye.

4. Nafasi pana kuliko zote: noti 5

Si kila bingwa hujaza. Gawa oktava katika hatua 5 zilizo sawa, na freti ya kwanza inaangukia milimita 83.9 kutoka mwanzo wa uzi. Chukua kadi yako ya benki: urefu wake ni milimita 85.6. Nafasi moja ya freti, kadi nzima! Uwanjani kila hatua ni mita 21; ukitoka kwenye mstari wa goli, noti ya pili inakukuta umeshalipita eneo la penalti.

Mpangilio huu una jamaa wa kweli huku kwetu. Amadinda ya Buganda, marimba yenye vibao 12, imetuniwa kwa hatua tano zinazokaribia kulingana katika kila oktava, kila moja karibu na senti 240. Gitaa la freti tano ndilo linaloukaribia muziki huo kuliko gitaa lolote la dukani.

Nafasi ya pili kwa upana ni ya ngazi ya Bohlen-Pierce, iliyofikiwa na Mjerumani Heinz Bohlen miaka ya 1970 na baadaye na Mmarekani John Pierce. Yenyewe haina oktava kabisa. Inaruka hadi noti inayotetema mara tatu ya ile ya mwanzo, kisha inaigawa safari hiyo katika hatua 13. Uwanja wetu hauitoshi: inahitaji mita 166, yaani inavuka goli la pili na kuendelea mita 61 zaidi. Freti yake ya kwanza iko milimita 52.5, karibu sawa na upana wa kadi ileile ya benki, milimita 54.

5. Shabaha kali kwa noti chache: 19

Mwaka 1558, miaka 23 kabla ya kanuni ya Galilei, Mfaransa Guillaume Costeley alitunga wimbo uliohitaji oktava yenye noti 19. Leo noti 19 ni mlango wa kuingilia kwa wapiga gitaa wengi wanaoacha 12, na sababu iko kwenye rula: freti ya kwanza inakaa milimita 23.2. Kidole kinaingia bila kusukumana na chuma.

Rekodi yake ni ya shabaha. Pima umbali kutoka la hadi do, ule unaoupa muziki huzuni yake. Gitaa la kawaida linaukosa kwa mita 1.37. Gitaa la 19 linaukosa kwa sentimita 1.3! Yaani kutoka urefu wa mtoto wa shule hadi upana wa ukucha wa kidole chake. Bei yake inalipwa kwenye so, ambayo sasa inakosea kwa sentimita 63, karibu mara nne ya gitaa la kawaida. Mmarekani Ivor Darreg, aliyeishi 1917 hadi 1994, alifanya kazi kubwa ya kung'oa freti za magitaa na kuyapangia upya kwa 19, 22 na 31, akihubiri kwamba kila idadi ina tabia yake isiyopatikana kwenye nyingine.

6. Iliyofika mbali kwa gharama ndogo: 24

Njia rahisi ya kuingia mashindanoni ni kutong'oa chochote. Acha freti zako 12 mahali pake, ongeza nyingine katikati, na umepata robo toni: hatua za mita 4.4 uwanjani, freti ya kwanza milimita 18.4 kutoka mwanzo wa uzi.

Bendi ya King Gizzard & the Lizard Wizard ya Melbourne, Australia, ilifanya hivyo na kuipeleka mbali. Kiongozi wake, Stu Mackenzie, alipata gitaa la njano lililotengenezwa na Zac Eccles lenye freti za ziada, kisha wanabendi wakapewa dola 200 kila mmoja kutafuta ala na kuzigeuza ziendane nalo. Albamu iliyozaliwa, Flying Microtonal Banana, ilitoka Februari 2017 na ilikuwa ya kwanza kati ya albamu tano za bendi hiyo mwaka huohuo. Albamu tano ndani ya miezi 12! Miaka ya 2020 na 2021 wakarudi na nyingine mbili za robo toni, K.G. na L.W.

Eccles hakujaza freti zote 24; aliongeza pale tu zilipohitajika. Shingo ikabaki na nafasi za kupumua, na vidole vilivyozoea gitaa la kawaida havikupotea. Kwa idadi ya masikio yaliyofikiwa kwa kila dola iliyotumika, hakuna mwingine kwenye orodha hii anayeisogelea.

7. Bingwa wa noti ya saba: 31

Abiria 31 wanaingia kwenye nganya, matatu kubwa ya viti 33, na viti viwili vinabaki, kama vilivyobaki kwenye ile matatu ya kwanza. Freti ya kwanza iko milimita 14.3, unene wa betri ya saa ya ukutani, ile ya AA yenye kipenyo cha milimita 14.5. Hapa ndipo kidole kinaanza kuifunika nafasi nzima.

Malipo yake ni makubwa. Kumbuka shuti lililopaa juu ya mwamba kwa gitaa la kawaida, mita 2.73. Gitaa la 31 linaipata noti hiyohiyo ya saba kwa kosa la sentimita 9.5. Mi inakosea kwa sentimita 7 tu, kutoka mita 1.2. Ni so pekee inayoyumba, sentimita 45.

Heshima zake ni za muda mrefu. Mwitaliano Nicola Vicentino alielezea kinanda cha aina hii mwaka 1555. Christiaan Huygens wa Uholanzi, mtu wa saa ya pendulamu, alichapisha hesabu yake mwaka 1691. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ogani ya noti 31 ya mwanafizikia Adriaan Fokker ilisimamishwa katika jumba la makumbusho la Teylers, Haarlem. Kwenye gitaa, Mmarekani Jon Catler ndiye aliyeibeba namba hii jukwaani, na akaonyesha kwamba blues na roki zinakaa ndani yake bila shida.

8. Mpangilio mjanja kuliko yote: gitaa la Kite, noti 41

Noti 41 ni safi mno: so inakosea kwa sentimita 4 tu. Tatizo ni mbao. Freti ya kwanza ingekaa milimita 10.9, unene wa betri ya rimoti, AAA, na kadiri unavyopanda shingo ndivyo nafasi zinavyozidi kubana. Vidole vinasalimu amri.

Mmarekani Kite Giedraitis hakukubali. Aliacha freti moja kila baada ya moja. Nafasi ya kwanza ikapanuka hadi milimita 21.5, karibu sawa na gitaa la noti 19. Na noti zilizoachwa? Ziko kwenye uzi wa jirani! Nyuzi zimetuniwa kwa tofauti ya hatua 13 kati ya 41. Kwa kuwa 13 ni namba witiri, noti zilizokosekana kwenye uzi mmoja zinajitokeza kwenye unaofuata.

Matokeo yake ni shingo yenye freti 20 na nusu katika kila oktava. Nusu! Oktava kamili haipo popote kwenye uzi uleule, kwa sababu 41 haigawanyiki kwa mbili. Ukiitaka, vuka nyuzi tatu, hatua 39, kisha panda freti moja, hatua mbili: jumla 41. Kidole kinapata raha ya gitaa la 19, sikio linapata usafi wa 41.

9. So safi kuliko zote kwa hatua zilizo sawa: 53

Kosa la so kwenye gitaa la kawaida ni sentimita 17. Kwenye gitaa la noti 53 ni milimita 6. Uwanja mzima wa mita 105, na kosa ni unene wa penseli! Mi nayo inakosea kwa sentimita 12 tu. Hesabu yenyewe ina umri wa kutisha: Jing Fang wa Uchina aligundua katika karne ya kwanza kabla ya Kristo kwamba ukiruka so kwa so mara 53, unarudi karibu kabisa ulipoanzia. Nadharia ya muziki wa Kituruki hadi leo hupima toni nzima kwa vipande tisa vya ukubwa huo.

Sasa weka hizo freti kwenye mbao. Ya kwanza iko milimita 8.4, na laini ndogo ya simu, ile ya nano, ina upana wa milimita 8.8: haiingii! Ukifika oktava, nafasi ni milimita 4.2. Toa unene wa freti yenyewe, kama milimita 2.3, na mbao inayobaki ni ya upana wa punje ya mchele. Kwa sikio hili ni gitaa la dhahabu. Kwa kidole ni mtihani usio na huruma.

10. Noti nyingi kuliko zote: 96 za Julián Carrillo

Nganya tatu za viti 33 zina viti 99. Carrillo wa Mexico angezijaza kwa oktava moja na kubakiza viti vitatu.

Mwaka 1895, mwaka mmoja kabla ya reli ya Uganda kuanza kujengwa Mombasa, kijana huyu wa miaka 20 alichukua fidla na kwa makali ya kisu akaipasua toni moja katika vipande 16. Toni sita mara 16 ni noti 96, kila hatua ikiwa senti 12.5, sawa na mita 1.09 uwanjani. Wazo lake akaliita Sonido 13, yaani sauti ya 13, ile inayovunja ukuta wa 12. Mwaka 1922 alitunga Preludio a Colón, ambamo gitaa la robo toni linapiga pamoja na sauti ya mwimbaji na ala nyingine.

Lakini gitaa lenye freti zote 96? Fanya hesabu. Freti ya kwanza iko milimita 4.7. Ukifika oktava nafasi ni milimita 2.3, unene wa freti yenyewe. Vyuma vinagusana! Freti 96 za milimita 2.3 ni milimita 221 za chuma ndani ya milimita 324 za mbao: zaidi ya theluthi mbili ya ubao imegeuka chuma. Hapa mbao inaishiwa. Carrillo alihamia kwenye piano, akabuni 15 zilizoonyeshwa Brussels mwaka 1958. Piano ya kawaida ina vibonyezo 88 kwa oktava zaidi ya saba. Ile yake ya vipande vya 16 ina vibonyezo 97 kwa oktava moja tu!

11. Isiyolingana kuliko zote: ngazi ya Harry Partch

Wote waliotangulia, kuanzia namba nne, waligawa sawasawa. Mmarekani Harry Partch, aliyeishi 1901 hadi 1974, alikataa usawa huo. Alichagua noti 43 kwa uwiano kamili wa mitetemo, kila moja mahali ambapo maumbile yameiweka, na akaanza kubadilisha magitaa kwa ajili yake tangu miaka ya 1930.

Tazama matokeo. Hatua yake fupi kuliko zote ni mita 1.26 uwanjani, ndefu kuliko zote ni mita 3.4, karibu mara tatu. Na hatua hizo mbili zinakaa bega kwa bega! Kwenye uzi wa milimita 648, nafasi ya milimita 13.5 inafuatwa papo hapo na nyingine ya milimita 4.9. Kosa lake dhidi ya so, mi na noti ya saba ni sifuri kamili ukianzia kwenye noti yake ya msingi. Hakuna mwingine kwenye orodha anayefika hapo kwa freti zisizohama.

12. Inayohama kuliko zote: gitaa la Tolgahan Çoğulu

Mwaka 2008 mpiga gitaa wa Uturuki Tolgahan Çoğulu alilitatua tatizo la idadi kwa kuifuta idadi. Chini ya kila uzi kuna mfereji, na ndani ya mfereji freti ndogo zinateleza, zinaongezwa, zinaondolewa. Asubuhi gitaa lina 12. Mchana lina Rast kamili, moja ya maqamu, ngazi za muziki wa Waarabu na Waturuki. Jioni lina ngazi ya Partch. Fundi Ekrem Özkarpat ndiye aliyelijenga. Mwaka 2014 lilitwaa zawadi ya kwanza kwenye shindano la ala mpya la Guthman, huko Georgia Tech, Marekani. Ni wazo la Thompson, miaka 185 baadaye, na safari hii freti zinateleza badala ya kuchomekwa.

Kisha ikaja rekodi nyingine kutoka nyumba hiyohiyo. Mwanawe, akiwa bado mtoto, alijenga shingo ya gitaa kwa vipande vya Lego, na baba akakifanya kitu cha kuchezwa kweli: ubao uliochapishwa kwa mashine ya 3D, na freti zinazobandikwa juu ya vipande vya kuchezea. Kutoka Panormo hadi Lego, kanuni ni ileile: freti iifuate noti.

13. Freti chache kuliko zote: sifuri

Mwaka 1976 Mturuki Erkan Oğur aling'oa freti zote na kutengeneza gitaa la klasiki lisilo na hata moja. Uwanja ukabaki bila mistari. Noti ni nyingi kadiri kidole kinavyoweza kutofautisha, na deni la kila noti linalipwa na sikio la mpigaji, papo kwa papo.

Pwani yetu inaijua shule hii. Udi wa taarabu hauna freti, na tangu Nadi Ikhwan Safaa ilipoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, vidole vya wapiga udi vimekuwa vikizitafuta robo toni za maqamu bila chuma cha kuwaonyesha njia. Kwa idadi ya noti, sifuri inamshinda hata Carrillo. Bei yake ni koadi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja: kuweka vidole vinne mahali pasipo na alama, vyote kwa usahihi wa sentimita chache za uwanja, ni kazi ya miaka.

Msimamo wa mwisho

Medali ya shaba inakwenda kwa 24 ya King Gizzard. Si safi kuliko nyingine, lakini iliziingiza robo toni masikioni mwa umati kwa dola 200 kwa kila mwanabendi.

Fedha ni ya Çoğulu. Gitaa lake linaweza kuwa mshindani yeyote kati ya waliotajwa, isipokuwa kwamba hubadilishi mpangilio katikati ya wimbo.

Dhahabu ni ya 41 ya Kite! Namba 53 ina so safi zaidi, 96 ina noti nyingi zaidi, lakini mashindano haya yalikuwa kati ya noti na kidole, na ni Kite pekee aliyewapa wote wawili ushindi.

Na mbio ziko wazi. Fundi yeyote mwenye rula nzuri na msumeno mwembamba anaweza kuingia kwa njia ya Galilei: gawa uzi, weka freti, gawa uliobaki, endelea. Badala ya 18, tumia 27.914 kwa noti 19, 35.127 kwa noti 24, 45.225 kwa noti 31. Na kama una vidole vyembamba na moyo mkubwa, 76.964 kwa noti 53.